Shavu la Kushoto

Katika nchi hii ni saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi. Jana ilikuwa hivyo. Siku niliyooa ilikuwa hivyo, na siku niliyomzika mke wangu ilikuwa hivyo pia. Jua linapanda na kushuka, mvua inanyesha mara tatu kwa siku, viazi vinaoza ukichelewa kuvichimba, lakini saa zote za ukutani, kuanzia jikoni kwa maskini hadi mnara wa mahakama, zimesimama hapo: mshale mfupi umening'inia chini, mrefu umenyoosha kidole juu kulia. Mtu akitaka kukutana nawe husema, njoo baada ya mvua ya pili. Tumezoea. Mtu huzoea chochote, hata kuishi miaka thelathini ndani ya dakika moja.

Nitaeleza sababu mapema. Niliacha shule darasa la nne, na sina ustadi wa kumzungusha mtu.

Kwetu mtu akifia nyumbani, hufanywa mambo matatu kabla ya kulia. Dirisha hufunguliwa, kioo hufunikwa kwa shuka, na saa husimamishwa. Kisha marehemu huoshwa na kulazwa juu ya meza ya jikoni, na majirani huja kunywa chai na kumsemea uongo mzuri. Akishatolewa mlangoni, saa huanzishwa tena. Anayeianzisha si mwenye nyumba wala mtoto wa kwanza. Ni mtu wa mwisho kumwona marehemu akiwa hai. Mara nyingi huwa mke, au jirani aliyemshika mkono usiku kucha, au mpita njia aliyemkuta shambani ameanguka. Huyo hupewa ufunguo, huizungusha saa, husukuma mkia wake wa shaba unaobembea, na nyumba huendelea. Mwingine haruhusiwi kuigusa. Ukiuliza kwa nini, utaambiwa kwamba yeye ndiye aliyebeba dakika ya mwisho, kwa hiyo yeye ndiye wa kuirudisha.

Sasa, siku Lorkan alipouawa, mama yake alisimamisha saa ya jikoni kwake. Majirani wakasimamisha zao. Wakafuata watu wa mjini, wa stesheni, wa makanisani. Wakangoja maiti irudi nyumbani ili ioshwe na kutolewa. Haikurudi. Wageni waliokuwa wanatutawala walimtupa yeye na wenzake sita waliouawa naye katika shimo la chokaa uani mwa kambi, bila sanduku, bila maji. Tukaendelea kungoja. Wageni wakaondoka, watu wetu wakaingia katika ofisi zilezile na kukaa katika viti vilevile, bendera ikapanda, na ikawa bado saa kumi na mbili na dakika kumi.

Lorkan alikuwa mshairi. Aliwaandikia watu mashairi kwa lugha yao waliyokatazwa, mpaka siku moja akaamua kwamba mashairi hayatoshi. Akaingia na watu mia mbili katika Nyumba ya Mizani, pale wageni walipopimia kila kitu chetu: nafaka, sufu, hata watu wa kupelekwa vitani. Akaishika siku tano kwa bunduki kuukuu. Siku ya sita akatoka na kitambaa cheupe, kwa sababu mizinga ilikuwa inaua wauza mboga wa mtaa wa nyuma. Hiyo ndiyo hadithi yake yote. Ni fupi. Yaliyobaki tumeyaongeza sisi.

Mimi ni mchonga mawe. Nachonga misalaba ya makaburi, vizingiti vya milango, na mabakuli ya maji ya kanisani. Siku moja, baada ya mvua ya kwanza, akaja Bwana Fintan, katibu wa Kamati ya Kumbukumbu, mtu mwenye mwavuli mkubwa na sauti ndogo. Alikuwa mmoja wa wale mia mbili wa Nyumba ya Mizani. Akaweka picha juu ya benchi langu.

"Kichwa na mabega," akasema. "Cha kusimama mbele ya mahakama. Atazame mbele, moja kwa moja, kama anaiambia dunia jambo."

Niliitazama picha. Kila nyumba inayo. Lorkan ametazama kushoto kwake kama vile mtu amemwita dirishani. Unaona upande wa kulia tu: pua, paji la uso, shavu safi, kidevu.

"Hii ni nusu," nikasema.

"Hakuna nyingine. Zote alipigwa hivyo. Alipenda upande huo."

"Na upande wa pili?"

"Fundi, mtu ana uso mmoja. Upande wa pili ni kama wa kwanza."

Mzee Konla, anayenisaidia kusugua mawe, alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa akila kiazi. Akauliza, "Bwana Fintan, wewe si ulikuwa naye mle ndani?"

"Siku tano, tumelala sakafu moja, blanketi moja. Nakuapia, shavu lake la kushoto lilikuwa safi kama la mtoto."

"Ulilala upande gani?" akauliza Konla.

Fintan akafikiri. "Wa kulia," akasema. Kisha akakasirika na kufungua mwavuli humohumo ndani.

Nikafanya kazi kama nilivyofundishwa. Sisi wachonga mawe tukipewa nusu ya kitu, tunachukua bikari na kupima: kutoka pua hadi sikio, kutoka jicho hadi mdomo. Kisha tunahamisha vipimo upande wa pili, nukta kwa nukta. Ndivyo tunavyochonga malaika. Malaika wote wa nchi hii wana nusu mbili zinazofanana, ndiyo maana hakuna anayeweza kuwapenda. Nikamchonga Lorkan kama malaika. Kamati ikaja, ikazunguka jiwe mara mbili, ikavua kofia. Chini yake walikwishaandika maneno yake ya mwisho, yale ambayo watoto hufundishwa shuleni: NCHI YANGU, NAKUACHIA SAUTI YANGU.

Mpango wao ulikuwa huu. Kwa kuwa mwili haupo, sanamu ingepitishwa kwanza jikoni kwa mama yake, ilazwe mezani, ioshwe, itolewe mlangoni. Halafu saa ingeanzishwa, na nchi ingeendelea. Kuhusu nani wa kuianzisha, Fintan alisema Kamati itateua mtu.

Bi Sorka, mama wa Lorkan, akaletwa kwenye karakana yangu aitazame kwanza. Ni mama mfupi, wa miaka themanini na kitu, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Alikataa kiti. Alilitazama jiwe kwa muda, kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa mtoto wa jirani.

"Kijana mzuri," akasema. "Wa nani?"

Fintan akacheka kidogo. "Mama, si Lorkan huyu!"

"Lorkan yupi?"

"Mwanao."

"Mwanangu nilimzaa mimi, Fintan. Wewe nilikupa supu tu. Huyu hapiti mlangoni kwangu."

"Basi tuambie kinachokosekana, fundi arekebishe."

"Nimwambie, halafu achonge maneno yangu? Maneno ninayo mwenyewe, nalala nayo." Akajifunga shali. "Yule aliyemwona ndiye achonge. Kama hakuna aliyemwona, jiwe libaki jiwe."

Alipofika mlangoni akageuka. Sikujua kama ananitazama mimi au patasi. Akaenda zake mvuani bila mwavuli.

*

Kuna jambo nimelifikiria sana tangu siku ile, na nalisema kwa maneno niliyo nayo. Nchi ikitaka kumpenda mtu, hutaka nusu yake tu. Nusu moja inatosha kwa picha, kwa noti, kwa shairi la shuleni. Nusu ya pili ni nzito, haina pa kutundikwa. Watu waliowahi kusimama uso kwa uso na Lorkan walikuwa mamia: aliowafundisha, aliowahutubia, aliowadai vitabu vyake. Nenda ukawaulize leo. Wote wataapa kwamba shavu la kushoto lilikuwa safi. Hawasemi uongo. Wameitazama picha miaka thelathini, na picha haichoki, jicho ndilo huchoka. Waliomjua kiasi cha kubisha walilala naye katika chokaa. Mwenye nguvu, nadhani, ndiye anayekuambia uketi upande gani wa mtu. Ukishaketi hapo, utakayoyaona utayaona kwa hiari yako, na utaapa.

Mimi nami niliketi nilipowekwa. Tofauti ni kwamba niliwekwa mbele.

Basi.

Nilisema sina ustadi wa kumzungusha mtu, na nimekuzungusha mpaka hapa.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Niliingia jeshi la wageni kwa sababu ya viatu. Wengine watakuambia ni njaa, ni ujinga, ni baba mlevi. Mimi ni viatu. Nilikuwa sijawahi kuvaa jozi mpya.

Tulikuwa kumi na wawili, watoto wa nchi hiihii. Wageni walikuwa wajanja, hawakutumia watu wao.

Ukuta. Ua wa kambi. Ukungu.

Wakatuambia bunduki moja haina risasi, ili kila mtu akalale akiamini ni yake. Nawajua wawili walioishi na imani hiyo hadi kufa. Mimi yangu ilikuwa na risasi. Bega linajua. Bunduki yenye risasi inakusukuma, isiyo nayo inakupiga kelele tu.

Lorkan aliletwa ametazama mbele. Mikono ilikuwa nyuma, asingeweza kuinua kola kuficha shavu kama alivyozoea. Kwa hiyo niliona. Hatua kumi. Nilikuwa wa nne kutoka kushoto, mbele yake hasa. Mimi ndiye niliyemwona mzima.

Mke wangu alikufa bila kujua. Konla hajui. Nilipotoka jeshini niliingia kwenye mawe kwa sababu jiwe haliulizi ulikuwa wapi.

Sasa umejua ninachokiogopa. Nikichonga malaika, niko salama, na nchi itabaki saa kumi na mbili na dakika kumi, na bibi yule atakufa akiwa na maiti mezani isiyokuwepo. Nikichonga nilichokiona, mtu mmoja atauliza nilikiona wapi.

*

Alikuja baada ya mvua ya pili. Konla alikuwa ameenda kununua tumbaku. Niliinua macho nikamwona ameketi juu ya jiwe lisilochongwa, karibu na mlango, shati limelowa, halina kola. Alikuwa kijana sana. Nilikuwa nimesahau jambo hilo. Kichwani mwangu alikuwa amezeeka pamoja nami, kumbe mimi nimempita, naweza kuwa baba yake. Alikuwa amenigeuzia upande wa kulia, kama kwenye picha.

"Unanichonga vibaya," akasema.

"Kamati imefurahi."

"Kamati ingefurahia hata kabichi, mradi iwe na paji la uso."

Nikaweka nyundo chini. Sikuogopa. Katika nchi iliyosimama ndani ya dakika moja, waliokufa dakika ile hawajaenda mbali.

"Mashairi yako sijayasoma," nikamwambia. "Niliacha darasa la nne."

"Hukukosa mengi. Mengine niliyaandika nina njaa, mengine nina haraka."

"Yaliyo mazuri ni mangapi?"

"Mawili." Akafikiri. "Moja na nusu."

Tukacheka wote. Halafu nikamuuliza kama ananijua.

"Wa nne kutoka kushoto. Kabla hawajanifunga macho niliangalia viatu. Vyako vilikuwa vipya, vilikubana."

"Vilinibana sana."

"Niliona. Ulikuwa unasimama kama kuku."

Mvua ilikuwa inadondoka kutoka kwenye ukingo wa paa, tone moja baada ya jingine, na mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilikuwa na miaka hamsini, na vidole vya miguu viliniuma. Nikamuuliza, "Umekuja kunidai?"

"Sikupata muda wa kukukasirikia, ndugu. Ilikuwa asubuhi fupi. Nimekuja kwa sababu nataka kwenda nyumbani. Nilazwe juu ya ile meza, mama anisugue masikio kwa nguvu kama anavyofanya, nitolewe mlangoni, nimalize. Nimechoka kuwa asubuhi."

"Nikikuchonga ulivyo, watajua."

"Watajua."

"Watanifanya nini?"

"Hilo sijui. Mimi nilifanywa na wageni." Akasimama, akajikung'uta maji. "Usiniombe nikwambie ni jambo dogo. Niliwahi kuwaambia watu mia mbili kwamba ni jambo dogo, kwa shairi. Lile halimo katika yale mawili."

Kisha akageuka, akanipa upande wa kushoto. Alikaa hivyo, mwanga wa mlango ukimpiga, kwa muda wa kutosha mtu kupima kwa bikari. Sikuhitaji bikari. Nilipoinama kuchota maji kwenye ndoo, uso ulionitazama mle ndani ulikuwa na kovu, na nilijigusa shavu langu kabla ya kukumbuka kwamba langu ni zima. Nilipoinuka, juu ya lile jiwe palikuwa na maji tu.

Niliondoa shavu la malaika siku hiyohiyo. Nilikuwa nimebakiza jiwe la kutosha, sijui kwa nini, huwa sibakizi. Likatokea lile kovu la moto: ngozi imejikunja kama utando wa maziwa yaliyopoa, mikunjo mitatu kutoka pembe ya mdomo hadi sikioni, na sikio lenyewe limekauka kama haragwe. Upande huo mdomo unavutwa juu kidogo, kwa hiyo anaonekana kama anajizuia kucheka. Kwa mara ya kwanza jiwe lilikuwa mtu. Konla alirudi kesho yake na tumbaku yake, akasimama mbele yake muda mrefu.

"Ulimwona wapi?" akauliza.

Nilikuwa nimeliandaa jibu. "Kwenye mkutano, nikiwa kijana. Nilisimama karibu na jukwaa."

"Ah," akasema. Akawasha kiko. "Ungesema mapema, tungeokoa jiwe."

Kumbe ilikuwa rahisi. Wengi walihudhuria mikutano. Naweza kumrudisha mtu nyumbani na nibaki salama. Nilifurahi siku nzima, hata nikampigia Konla mluzi.

Kisha nikaona nilichofanya. Juu ya mkunjo wa katikati, karibu na taya, palikuwa na mstari mfupi, mwembamba, umekwenda kinyume na mikunjo. Urefu wa ukucha. Mkono wangu uliuchonga peke yake. Asubuhi ile alikuwa amenyolewa na askari wa gereza, mtu asiyejua kwamba ngozi ile lazima uivute kwa kidole ndipo wembe upite. Akamkata. Nilipomwona ukutani damu ilikuwa bado mbichi, tone moja, na nilikuwa nimeitazama hiyo ili nisitazame kitu kingine.

Hakuna mkutano wowote duniani ambapo mtu angeuona mkato ule.

Nikachukua tupa ndogo. Kusugua mara tatu kungetosha. Mara tatu, na hakuna anayejua. Nikaiweka ncha juu ya jiwe. Magurudumu yakalia nje, Fintan akaingia na watu wanne na machela. Konla alikuwa amemwambia kwamba nimeirekebisha sanamu, na bila hata kuitazama akaitupia turubai, akipiga kelele kwamba ifike kwa Bi Sorka kabla ya mvua ya tatu. Nikaitia tupa mfukoni.

*

Nyumba ya Bi Sorka iko mwisho wa njia, pale ukuta wa mawe unapoingia katika ule udongo mweusi tunaoukata, kuukausha na kuupikia. Dirisha lilikuwa wazi. Kioo kilikuwa kimefunikwa kwa shuka iliyoshonwa viraka mara nyingi hata haikuwa tena ile ya kwanza. Ukutani, juu ya meko, ile saa. Tukamlaza Lorkan mezani, uso juu. Fintan alipoona shavu la kushoto alitoa sauti kama mtu aliyekanyaga maji ya baridi.

"Hivi ndivyo…" akaanza. Akakaa kwenye kiti. "Hivi ndivyo alivyokuwa. Mungu wangu. Nililala karibu naye siku tano."

Bi Sorka alikuwa na beseni, kitambaa na kipande cha sabuni. Alianza paji la uso, akashuka puani, akasugua sikio la kulia kwa nguvu. Kisha akaja upande wa pili, akaosha sikio la haragwe polepole zaidi.

"Alikuwa ameanza kutambaa," akasema, bila kumwambia mtu. "Ana miezi tisa. Nilikuwa nimekaa hapo, nimesinzia. Nimesinzia tu. Aliangukia makaa." Akakamua kitambaa. "Miaka yote hii watu wananiambia mwanao alikuwa mzuri. Nashindwa kuwauliza, yupi? Huyo msiyemwona ndiye niliyemsinzilia."

Akapitisha kidole kwenye mkunjo wa kwanza. Wa pili. Kidole kikasimama. Kikarudi nyuma, kikapita tena, kikasimama palepale.

"Fundi," akasema. "Na hii?"

Nilikuwa na mkono mfukoni, umeshika tupa.

"Hii hakuondoka nayo hapa," akasema. "Kila kitu cha uso huu nakijua. Hii si yangu."

Fintan akainuka, akatazama. "Ah, mama, ni patasi. Imemteleza. Sivyo, fundi? Patasi imekuteleza."

Alikuwa amenipa mlango, ameufungua kabisa. Wale wabebaji wanne walikuwa wameegemea ukuta, wamechoka, wakisubiri chai. Ningesema ndiyo. Ningesugua mara tatu hapohapo, mbele yao, nikaomba radhi kwa ufundi mbaya. Bi Sorka alikuwa ananitazama. Haikuwa hasira. Alinitazama kama mtu aliyesimama kituoni muda mrefu, akaona moshi kwa mbali, na hathubutu kusema ni treni.

"Ni wembe," nikasema.

Bi Sorka akaweka kitambaa ukingoni mwa beseni.

"Alinyolewa asubuhi ile gerezani, na mtu asiyemjua. Hakuivuta ngozi. Damu ilikuwa tone moja, mama. Haikumuuma, nadhani. Hakuonyesha."

"Ulikuwa wapi?" akauliza.

"Wa nne kutoka kushoto."

Fintan alielewa kabla ya wale wengine. Akanishika kola kwa mikono yote miwili, mikono myepesi ya karani. "Umemchonga wewe," akasema. "Wewe! Na sisi tukakuvulia kofia!"

"Mwachie, Fintan," akasema Bi Sorka.

"Mama, mtu huyu ndiye…"

"Najua ni nani. Nimesema mwachie, utamwaga maji yangu."

Akaniachia. Bi Sorka akakausha mikono kwa aproni, kidole kimoja kimoja.

"Bunduki yako ilikuwa na risasi?"

"Ilikuwa nayo."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayepokea uzito na kuupima. "Alisema nini?" akauliza. "Usiniambie hilo la kwenye jiwe. Hilo Fintan alilitunga hapo kwenye kiti hicho."

Fintan akatazama sakafu.

"Walipokuwa wanamfunga kitambaa cha macho," nikasema, "alimwambia yule aliyekuwa anakaza fundo, 'Polepole, bwana, umenasa nywele.' Basi. Hakusema jingine."

Bi Sorka aliweka mkono mdomoni. Mabega yakaanza kutikisika, nami nikadhani nimemuua na yeye. Alikuwa anacheka. Alicheka huku machozi yanamtoka, ameshika ukingo wa meza. "Nywele," akasema. "Mtoto yule! Nikichukua kitana alikuwa anakimbia hadi kwenye udongo mweusi. Siku ya komunyo tulimshika watu wawili." Akajifuta uso kwa kitambaa kilekile alichomwoshea. "Ni yeye. Huyo ni yeye. Haya, mtoeni."

Wabebaji wakatazamana. Mmoja alinitazama kwa namna nitakayoizoea. Kisha wakainua machela na kumtoa Lorkan, miguu isiyokuwepo ikitangulia, hadi nje kwenye mvua. Fintan akafuata bila mwavuli. Hakuniaga, wala hajanisalimu tangu siku ile. Barua ya kunitoa kwenye orodha ya mafundi ilikuja baadaye, na mtu mmoja alivunja dirisha la karakana. Konla ameendelea kuja. Anasugua mawe kimya, lakini anakuja.

Hayo ni ya baadaye. Siku ile nilibaki jikoni na mama yake. Alivuta kiti hadi ukutani, akakipanda kwa taabu, akapapasa juu ya saa, akashuka na ufunguo. Ulikuwa umeota kutu. Aliusugua kwenye aproni, akaninyooshea.

"Nilidhani nitakufa hujaja," akasema.

Nilitoa mkono mfukoni, nikaacha tupa mezani, nikauchukua ufunguo. Niliuzungusha polepole, chuma kikilia kama mlango wa ghala, mpaka nikahisi kitu ndani kimekaza. Nikasukuma mkia wa shaba kwa kidole. Ukaenda, ukarudi, ukasita, ukaenda.

Tukasimama pamoja, tukiutazama mshale mrefu. Kwa muda haukufanya lolote. Kisha ukaruka kidogo.

"Ngapi?" akaniuliza. Macho yake hayaoni mbali.

"Saa kumi na mbili," nikamwambia, "na dakika kumi na moja."